Kona ya Kabati

Sanduku nililinunua Jumapili kwa yuro ishirini na tano
kwa mtu aliyekuwa akiuza pia redio bubu na meno ya bandia.
"Vipande vyote vimo," aliniapia.
Havikuwemo.
Nikapanda nalo ghorofa tano, maana hapa kwetu Sabadell
lifti ni ahadi inayofanywa upya kila mkutano wa wapangaji,
nikalimwaga sebuleni: barabara nyeusi iliyokatwakatwa
kama nyoka aliyeuawa na mtu mwenye wasiwasi.

Miaka thelathini na saba nilihudumia mitambo ya kufuma sufu.
Chuma kikiumwa, naijua kohozi yake.
Basi sikusoma maelekezo.
Nikaunga kila kipande nilichonacho,
kutoka mlango wa choo, chini ya meza, hadi dirishani,
nikachomeka transfoma, nikabonyeza,
na gari jekundu likasafiri shubiri tatu
likafa.

Alhamisi akaja Queralt, mjukuu wangu, miaka tisa.
Alilala kifudifudi, jicho moja usawa wa barabara.
"Babu, umejenga nchi kabla ya kuwa na kijiji."

Tukabomoa.
Tukaanza na yai tu: kona nne, nyoofu mbili.
Tukapangusa reli kwa kitambaa chenye tone la mafuta,
tone, nilisema, si kikombe.
Tukazichambua kwa sindano nywele za shaba chini ya pua ya gari,
zile zinazolamba umeme,
tukavingirisha matairi juu ya utepe wa gundi
nao ukaondoka na vumbi, manyoya ya paka,
na unywele mmoja mrefu mweupe.
Sisi hatuna paka.

Kisha nikabonyeza kama mtu anayeua mende.
Gari likafika kona ya kabati, likakataa kukata,
likaruka, likabiringika,
likaenda kujigonga kwenye viatu vya Assumpta
ambavyo sijavigusa tangu Machi.

Queralt akanyoosha mkono kule gizani akalitoa.
Akalipuliza.
Akaurudisha ule ulimi wake mdogo ndani ya mfuo.
"Achia kabla ya kona," akasema. "Ukishaingia umechelewa."

Nikaachia kabla ya kona.
Nikaachia mapema mno, gari likasimama kama punda.
Nikachelewa, likaruka.
Mapema. Likaruka. Mapema. Likaruka.
Mara ya kumi na moja, au kumi na mbili,
kidole kikaelewa jambo ambacho kichwa kilikuwa bado kinabishana nalo,
na gari likapinda, mkia ukiteleza kidogo, likatoka upande wa pili
likiimba.

Ndipo ufagio ukagonga kutoka chini. Mara tatu.
Halafu ngazi. Halafu mlango.
Remei wa ghorofa ya nne, aproni kiunoni, ufagio mkononi,
amekuja kutuambia dari yake inasaga mahindi.
Queralt, badala ya kuomba radhi, akampa kidhibiti.

Sijui niseme nini kuhusu mizunguko ile minane.
Mama huyu alishona makoti ya watu kwa cherehani miaka arobaini,
na nilimwona: kidole kilikuwa kikibana na kulegeza,
lakini chini, ndani ya ndara,
mguu wa kulia nao ulikuwa ukikanyaga sakafu,
polepole penye mshono wa mviringo,
mbio penye pindo.
Hakuanguka hata mara moja.
Queralt alihesabu kwa dengu ndani ya kikombe.
Mimi nilipata dengu tatu.

Alhamisi iliyofuata Remei alileta kitambaa kinene cha kutandika chini ya njia,
"kwa ajili ya masikio yangu," akasema,
ingawa masikio yake yalikuwa hapa juu pamoja nasi
hadi saa nne ya usiku.

Bado tunakosa kipande kimoja cha nyoofu.
Viatu viko palepale, pembeni mwa kabati,
kisigino kimeelekea barabarani.
Gari likiruka, hapo ndipo linaposimama.
Nimemwambia Queralt aviache.