Gia ya Tano

Opolot aliweka kiganja juu ya boneti
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
Injini haina ugonjwa, dada, akasema.
Inapigishwa makelele tu.
Gia ni nne, na barabara imerefuka.

Ni Pijo 404, ya mwaka sitini na nane,
rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani,
mkono wa gia ukichomoza ubavuni mwa usukani
kama mpini wa mwavuli.
Baba aliinunua kwa tumbaku ya misimu mitatu,
na tangu hapo kila safari ya Masindi ni ugomvi:
ukigusa themanini inaanza kulia,
ukigusa tisini vioo vinatetemeka, meno yanatetemeka,
na malori ya mchanga yanakuja nyuma yakipiga honi,
yanakupita, yanakuachia moshi uule.

Giaboksi tuliipata Lukaya,
ndani ya 505 iliyolala mtaroni,
ubavu umebonyea, moyo mzima.
Opolot akaitandaza juu ya gunia, Katwe,
mvua ikipiga bati,
akazungusha shafti kwa vidole viwili, sikio karibu.
Tano, akasema. Hesabu mwenyewe.
Nikahesabu.

Lakini chuma hakimpokei mgeni upesi.
Bomba la shafti lilizidi upana wa vidole vitatu;
likakatwa, likachomelewa, likapimwa kwa uzi,
likakatwa tena,
maana kipimo cha kwanza kilipimwa na njaa.
Kisha sakafu. Gia mpya huota kutoka chini,
kati ya viti, pale mama alipokuwa akibana
trei ya mayai kwa kisigino.
Msumeno ulipoanza nilitoka nje
nikanunua roleksi. Ikapoa mkononi.

Baba alikuja kwa basi kukagua.
Akaukuta mkono wa zamani juu ya benchi,
umeviringishwa gazeti,
kirungu chake kimelika upande mmoja,
upande wa kidole gumba chake.
Akautia mfukoni mwa koti.
Hatukuling'oa roho, mzee, Opolot akamwambia spana.
Tumeliongezea pumzi.
Baba akauliza, pumzi yake mnaijua ninyi?

Aliendesha yeye.
Bwaise, Kawempe, Bombo,
kila penye kona mkono wake wa kushoto ukipanda usukanini,
ukishika hewa,
ukishuka taratibu kama uliokosea mlango.
Tulipoiacha Luwero barabara ikanyooka.
Sasa, nikasema. Kulia, halafu mbele.

Injini ikashuka sauti
kama mama aliyetua kuni.
Mshale ukasimama kwenye mia, haukutikisika.
Nikasikia saa ya dashibodi.
Sikujua kwamba ina mlio.
Nikasikia baba anavyopumua kwa pua moja.
Miaka arobaini tumekaa humu bila kuzungumza
tukilisingizia gari.

Zikapita kilomita, sikuzihesabu.
Kisha akasema, macho njiani:
Mama yako alikuwa msemaji sana, hapo ulipoketi.
Kutoka nyumbani mpaka Kampala.
Mimi nikiitikia tu, ndiyo, ndiyo.
Sikuwa nasikia hata neno.

Ng'ombe walivuka, wenye pembe ndefu, bila haraka.
Akapunguza, akapandisha tena, ya tatu, ya nne, ya tano,
tayari mkono umejua.
Wewe ulikuwa nyuma, akasema. Alikuwa akisemaje?

Nilikuwa nyuma, ndiyo, goti kwenye gunia la mihogo,
na nyuma ndiko kelele zilikozaliwa.
Ninayoikumbuka ni midomo ikicheza kiooni,
na neno moja, kwa kuwa lilitangulia kila mara.
Araali, nikasema.
Alianza na Araali. Mengine hayakunifikia.

Hakuna aliyemwita jina hilo tangu matanga.

Mbele ya Nakasongola kuna mwinuko,
mdogo, hata baiskeli haiulalamikii.
Baba akarudisha gia ya nne.
Haikuwa na haja.
Kelele zikajaa ndani, zikakaa kila mahali pake,
na katikati yake nikaiona midomo yake
ikisogea, ikisogea,
uso umeelekea njia.

Ndiyo, nikaitikia.
Ndiyo.