Wiki ya Mbalamwezi, Kibirizi

Mwezi ukipevuka dagaa hawafuati taa,
basi mitumbwi yetu inalala wiki nzima
na buibui wanahamia.

Wa kwanza alianzia mpini wa injini.
Siku ya tatu wameshafika kwenye fremu za taa,
wamefunga betri, wamefunga ndoo,
wameunganisha mtumbwi wetu na wa Bukuru,
ambaye hatusalimiani tangu Machi.

Mama Ntirampeba, mwenye chombo,
akaniletea ufagio wa chelewa
na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda.
"Pangusa. Leo giza linarudi."

Nikapangusa.
Nyuzi zikaninasa vidoleni
na magamba ya dagaa, mabawa ya mbu, unga wa kutu.
Mmoja, mkubwa kama kifungo cha koti,
amebeba mayai yake kama anayehama usiku na kodi hajalipa:
huyo nikamvusha kwa kijiti
hadi nguzo ya gati.
Mafuta sikuyagusa.

Ule uzi mmoja, kati yetu na Bukuru,
niliinama tu, nikapita chini yake.

Jioni tulipowasha injini
ulivutika,
ukavutika.

"Umekatika," akasema Bukuru.
Alikuwa ananiambia mimi.