Hapo Tu

Kisiwani kwetu ukitoka Wete baada ya alfajiri,
ukasimama Chake kununua mkate wa mofa,
adhuhuri haikukuti njiani. Umeshafika Mkoani,
nchi imekwisha, mbele maji.
Hivyo ndivyo nilivyoijua nchi:
kitu chenye ncha.

Jumatatu, Lungalunga, wakanigongea muhuri.
Tangu hapo kila nimuulizaye Lodwar iko wapi
hunyoosha mkono, kiwiko hakitikisiki:
"Hapo tu, mama."
Mkata tiketi Mombasa, hapo tu.
Binti wa chai pale Voi, hapo tu, na sukari akaongeza.
Leo Jumatano niko Nairobi, baridi ya Julai
inanipekua mifupa kama afisa wa forodha,
na hapo tu haijasogea hata shubiri.

Gesti ya orofa nne, nyuma ya River Road.
Kitabu cha wageni kimefungwa mezani kwa kamba
kama mbuzi.
Bawabu anaitwa Nzomo, sweta mbili, koti juu yake,
anamulika safu kwa tochi: Jina. Utokako. Uendako.
"Pemba? Ndiyo wapi?"
Ulimi wangu haukungoja ruhusa:
"Hapo tu."
Alicheka mpaka tochi ikamponyoka
ikabingirika chini ya meza, ikiangaza viatu vyangu.

Namchekesha pia kwa Kiswahili.
Nikiomba maji kwa tafadhali mbili
anageuka kutazama kama nyuma yake yupo waziri.
Naye akitaja soo mbili nadhani pana kashfa,
kumbe ni kodi ya blanketi.
Lugha niliyonyonya nayo
nimeikuta huku imevaa buti.

Akanifunulia kurasa za nyuma.
Mandera. Migori. Moyale. Loiyangalani. Wajir.
Wa Migori, asema, huacha shuka zikinuka omena.
Wa Moyale huulizia chupa ya chai kabla ya ufunguo.
Yeye mwenyewe, kwao Mutomo na hapa, basi.
Miaka kumi na tisa nchi inampita mlangoni,
inalala juu yake, inaondoka gizani,
naye anaiandika kwa kalamu ya kamba.

Nikamwambia kinachonipeleka: Zuwena, kitinda mimba,
aliyeolewa na Ekai, fundi wa pampu za visima.
Mjukuu arubaini yake imepita
mimi nikisubiri pasipoti.
Juzi kwenye simu nilisikia kikohozi kidogo, kama cha paka,
halafu upepo, upepo mrefu usio na mti wa kuukata,
halafu salio likaisha.

Swichi ya taa yangu iko chumba cha jirani.
Nikagonga ukuta mara moja, kama nilivyoelekezwa,
na mtu nisiyemjua sura
akaniletea giza.
"Ahsante," nilisema ukutani.
Ukuta ukasema, "Lala salama."
Sikulala. Kwaya ya kesha iliimba hadi saa tisa,
kisha muadhini akapokea zamu.

Asubuhi Nzomo alinibebea mzigo hadi ofisi ya basi,
nusu hatua mbele yangu, akisafisha njia kwa bega.
"Ukirudi," alisema, "uniambie lile ziwa.
Mmoja aliandika ni la kijani.
Mwingine akalikata neno, akaandika: wapi!"
Nikamtilia karafuu kiganjani. Akatafuna zote kwa pamoja,
machozi yakamtoka, hakutema.

Kabla hatujatoka nilikiomba tena kile kitabu.
Utokako kipo, uendako kipo,
safu ya kurudi hakuna; aliyekipiga chapa hakuiwazia.
Nikachora mstari wangu pembeni, ukapinda,
nikaandika Agosti, inshallah,
na wino ukakatika kwenye herufi ya mwisho.
Nzomo akaikandamiza kwa ukucha
hadi ikasomeka.