Kalamu Nyeusi

Mimi ndiye ninayefuta.
Si kwa raba. Kwa kalamu nene, nyeusi,
inayonuka spiriti kama chumba cha sindano.
Manispaa ya Brezovitsa, ghorofa ya pili,
dirisha linatazama bomba la moshi
na kiota cha korongo aliyekwenda zake.

Sheria yasema: mwananchi akiuliza, ajibiwe
ndani ya siku kumi na nne.
Haisemi ajibiwe nini.

Bibi Stoyanka, fundi cherehani mstaafu,
aliuliza jambo moja, kwa mwandiko mwembamba
kama mshono wa mkono:
mabati ya paa la chekechea,
lile lililoanguka kwa theluji ya Februari,
yalilipiwa unene gani?
Mjukuu wake Ognyan bado anachechemea.
Hilo hakuliandika. Mji mdogo, tunajua.

Siku ya kumi na nne nikamjibu: suala lahitaji muda.
Kisha: ni siri ya biashara ya mkandarasi.
Kisha nikampa kurasa tisa, nyeusi kama kaniki,
zimebaki "na", "kwa", "jumla",
na muhuri.
Alizipapasa kama anayenunua kitambaa.
"Mwanangu Plamen," akasema,
"hapa umeshona, au umefumua?"

Funika kombe mwanaharamu apite, walisema.
Nimefunika miaka kumi na tisa.
Hapiti.
Yumo humo humo kombeni,
anakula, anajipangusa, anatia saini.

Jumanne moja, kipasha joto kimezima,
vidole vimekufa ganzi, saa ya kufunga,
nilimkabidhi ukurasa wenyewe niliouchora
badala ya nakala kivuli.
Akauinua dirishani
kama mtu anayetafuta tundu la sindano,
na jua hafifu likapita nyuma ya wino:
*milimita moja, imelipwa yote.*
Hakusema kitu.
Akatoa kapuni kipande cha bati
alichokiokota kwenye kifusi,
akakikunja kwa vidole viwili
kama bahasha.

Kwenye fomu ya makosa niliandika: haraka.
Ilikuwa haraka?
Nimejiuliza, nikajifuta.

Sasa kuna ombi jipya mezani,
mshono ule ule wa mkono:
"Nani aliifuta mistari hiyo,
na kwa amri ya nani?"
Jibu lina majina mawili.
La meya liko juu, kwa wino wa buluu.
La chini ni langu.
Mkuu wa idara amepita, hakukaa,
ameacha kalamu mpya,
bado ina kibandiko cha bei.

Leo ni siku ya kumi na tatu.
Theluji imeanza, nyepesi, haijaamua.
Juu ya chekechea wametandaza turubai;
kutoka hapa nalisikia
likipigapiga.