G13 NYS

Imekaa kwenye skrini tangu Jumapili,
pauni elfu moja mia nne, kodi bado:
G13 NYS.
Moja imejinyoosha ikajitia L,
tatu imegeuza kisogo ikajifanya E,
na mimi, Glenys, karani wa bohari ya mbao Llanelli,
nimesomeka.

Rhodri alichungulia juu ya bega langu, akapuliza chai yake.
"Elfu na mia nne, ili watu wajue nani kawapita?
Mtaa huu wanakujua hata kwa kikohozi."
Sikumjibu. Hakukosea:
paa la jikoni linavuja, ndoo ipo pale pale,
na gari lenyewe la kijivu, la mkono wa pili,
likipewa jina litakuwa kama punda
aliyevishwa saa ya dhahabu.

Lakini niseme kweli, maana ni usiku na mume amelala:
nilitaka kuliona jina langu limeandikwa
mahali ambapo mvua haiwezi kulifuta.
Tangu Februari baba hanitaji.
Huniita "mama", huniita "dada wa chai",
siku moja aliniita "bwana mkubwa", akanipa mkono.

Nilikuwa na miaka minane. Maonyesho ya kondoo,
matope hadi kwenye soksi, kila upande miguu tu ya watu.
Asubuhi, ndani ya Astra nyekundu, alikwishanifunza:
"Ukipotea usitaje Emrys. Akina Emrys hapa wako sabini.
Taja namba ya gari. Hiyo iko moja."
Nikapotea, ndiyo, kwa ajili ya kondoo dume
mwenye pembe zilizojizungusha mara mbili.
Nikamwendea mwenye kipaza sauti, machozi na kamasi,
nikasema kama aombaye dua:
F627 TBX.
Uwanja mzima ukasikia.
Akaja mbio, kofia mkononi, hana pumzi.

Jana, kwenye kituo cha wazee, nilichoka kuuliza "Unanijua?"
Ni swali la kikatili, kama kumdai asiye nacho.
Nikakaa. Nikamenya chungwa. Nikaisema tu,
kwa sauti ya chini, F, sita mbili saba, TBX.
Kichwa kikainuka.
"Yangu hiyo," akasema, miguu inatafuta viatu.
"Waambie nakuja."

Astra bado ipo, bandani kwa mjomba Idwal,
chini ya turubai, kuku wanatagia kiti cha nyuma.
Kuihamisha namba ni pauni themanini na fomu,
na fomu haiulizi inamaanisha nini.
Haimaanishi kitu. Ukiitamka haraka
ni kama mtu anapiga chafya ndani ya leso.

Nikaizima skrini. G13 NYS na iende zake.
Yuko Glenys mwingine mahali, Bangor au Bristol,
anatimiza hamsini, mumewe si mtu wa kuhesabu ndoo;
atafungua boksi, atalia. Halali yake.

Skurubu zilishika kutu. Moja ilinivunjikia.

Leo niliegesha kinyumenyume, mbele ya dirisha lake.
Marivic, muuguzi, akamsogeza na kiti chake hadi kiooni.
Akaisoma kwa kidole hewani, herufi kwa herufi,
akarudia tena ile saba,
nami nimesimama kando ya gari, nimeshika funguo
kama mtoto aliyekutwa na kitu cha watu.

Nikamwona anasema neno. Marivic akacheka,
akafungua dirisha ili nami nisikie.
"Anasema, aliyeliazima
alirudishe na mafuta."