Zamu ya Usiku, Danville

Hakina meno, lakini kinatafuna.
Kimefika ndani ya pipa la buluu kutoka Wisconsin,
unga wenye rangi ya maziwa ya jana,
nami naupima gramu kwa gramu, barakoa usoni,
kama mpishi anayeogopa chumvi.

Tangi la nne. Nyuzi hamsini, zisizidi.
Majani ya Virginia yamelowa, yamekuwa uji wa kahawia,
na humo ndani kimeng'enya kimeshika kazi:
kinakata protini vipande, na vipande vya vipande,
maji yaje yavisombe,
ili moto wa mvutaji, huko uendako,
ukose kuni za kupikia sumu.
Saa sita. Mimi na Odessa Threatt tunangoja,
yeye na soksi anayofuma, mimi na kalamu.

"Kwetu Urambo," namwambia, "tumbaku tuliichambua kwa macho.
Daraja la kwanza, la pili,
na lile ambalo mnunuzi alilisukuma kwa kiatu."
Anacheka puani. Mama yake alinyofoa vikonyo
kwenye ghala la mtaa wa Craghead, miaka ishirini na mitatu;
utomvu ukamganda viganjani,
hata siku ya kumwosha maiti, ndimu haikufua dafu.

"Na hicho kidude chako," anauliza, "kinajua kuchagua?"
Kinachagua. Kila kimoja na kufuli lake.
Cha protini hakigusi nikotini.
Cha nikotini hatukukiagiza.

Alfajiri, majibu: protini imeshuka, sitini kwa mia.
Bwana Haskins anapiga meza kofi,
anataka nambari hiyo iandikwe kwa wino mzito.
Fomu ina safu ya Kilichopungua.
Safu ya Kilichobaki haipo.
Naichora pembeni, kwa penseli, herufi za mchwa.

Kisha mvuke.
Maana kimeng'enya hakijui kuchoka wala kuaga;
kisipochemshwa kitaendelea kula
hata kile tunachokiuza.
Odessa huzungusha vali mwenyewe, kila zamu.
Barua ya ofisi imekunjwa mfukoni mwa aproni:
miaka thelathini na mmoja, asante, na tarehe.

"Pole," anasema,
akilitazama tangi, si mimi,
na sindano ya geji inapanda,
themanini,
themanini na tano.