Wanga

Dundee, Desemba. Saa tisa mchana na taa za barabarani
zimeshawaka.
Nakata ubongo kwa kisu kisichosikika,
vipande vyembamba kuliko utando wa kitunguu,
vinaelea juu ya maji ya vuguvugu
nami navitega kwa kioo, kimoja kimoja,
kama mtoto anayetaka kuuopoa mwezi ndani ya karai.

Wa leo hana jina. Ana namba na karatasi:
mwanamke, miaka tisini na mmoja,
zamani mfumaji, kiwanda cha magunia,
akili timamu hadi wiki ya mwisho.
Pembeni mtu ameongeza kwa penseli:
alipenda kubishana.

Napaka rangi. Nasubiri. Nasuuza.
Chini ya hadubini nawasha mwanga,
na hivyo hapo:
viduara vya zambarau, mamia,
vimejipanga kando ya mishipa
kama watu wa foleni ya sukari mwaka ule wa njaa,
kila mmoja na kikapu chake, hakuna anayesukumana.

Wataalamu wa kale walivitonesha iodini
vikabadilika rangi kama muhogo.
Basi wakaviita wanga.

Wanga.
Neno hili likifika Tanga linashika njia mbili.
Moja inaingia jikoni, kwenye sufuria ya uji usionywewa
ambamo mama alizamisha kanzu za baba,
zikikauka zinasimama zenyewe, hazina mtu.
Ya pili inakwenda makaburini, usiku, uchi,
na huko hatuendi.

Shangazi Mwanahamisi alipiga simu Jumapili.
"Mama yako kachezewa. Ni wanga hao,
wamemfuata mpaka huko kwenye barafu."
Nilitaka kumjibu: ndiyo, shangazi, ni wanga,
nimewaona kwa macho yangu, nimewahesabu,
ila hawa ni wa kupigia pasi.
Sikusema. Salio lilikuwa lake
na machozi pia yalikuwa yake.

Maana mama juzi aliliita friji
"yule mgeni asiyeondoka."
Na jana, mezani, kwa adabu zote,
aliniuliza kama mama yangu yu hai bado.

Dakta Ishbel huzungumza huku akitafuna biskuti.
"Usivionee hivyo viduara. Si ugonjwa.
Kila mtu anavyo akizeeka. Hata wewe, arobaini umeipita.
Tunadhani ni vikapu vya taka:
ubongo unafagia, unaokota kilichovunjika,
unakifunga, unakisogeza kuelekea mlangoni.
Tunadhani," akarudia, akapangusa makombo.
Kisha, taratibu:
"Ya mama yako huenda ni mengine. Madoa mengine, mafundo mengine.
Sitakudanganya."

Nikarudi kwenye lenzi yangu.
Miaka tisini na mmoja, bibi mbishi,
na nyumba ilifagiliwa hadi siku ya kuhama.

Nimepanda mlima wa Hilltown kwa miguu,
mvua ya ubavuni, samaki wa kukaanga kwapani ndani ya karatasi.
Tumekula. Ameniita dada. Nimeitika.

Saa nane usiku nasikia: chwa, chwa, chwa.
Mama yuko jikoni, gizani,
anafagia.
Yeye, aliyenipiga kofi nikiwa na miaka sita
kwa kufagia baada ya magharibi,
maana usiku, alisema, ukifagia unatoa riziki nje.
Sakafu haina kitu. Niliidekí mwenyewe jioni.
Lakini anakusanya, kwa subira, kutoka kila pembe,
anaelekea mlangoni,
anainama, anaangalia alichokipata,
anatikisa kichwa kama mtu aliyeona hasara
lakini si kubwa.

Nimesimama kizingitini, sijui niseme nini.

"We msichana," bila kugeuka,
"usinisimamie hapo kama kanzu.
Lete kizoleo."

Nimeleta.
Nimepiga magoti kwenye vigae vya baridi,
nimekinga.